Sambaza anataga maelfu ya mayai, mbona ziwa halijai?

Swali: Jambo Prof. Niko nauzisha sambaza, hawa samaki wadogo wa Ziwa Kivu, hapa Bukavu tangu miaka kumi na tano. Wavuvi wananiambia sambaza hawawezi kuisha, kwa sababu mmoja tu anataga mayai maelfu. Mtoto wangu anayesoma ananiambia kama ingekuwa hivyo ziwa lingejaa samaki mpaka juu. Mimi naona mitumbwi inaleta kidogo kuliko zamani, na wakubwa wakifunga ziwa, yaani wakikataza uvuvi kwa muda, tunalala njaa. Ukweli ni upi? Na mimi muuzaji tu, kuna kitu naweza kufanya?

Jibu: Mama, jambo sana, na pole kwa kazi ya jua na mvua.

Mtoto wako amesema kweli, na wavuvi nao hawakudanganya kuhusu mayai. Ila kati ya yai na samaki anayeingia kwenye besani yako kuna safari ndefu, na karibu wote wanafia njiani. Mtu anayetaka kujua kama sambaza wataongezeka au watapungua asihesabu mayai. Ahesabu wanaofika umri wa kuzaa.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme sambaza jike anataga mayai 5,000 maishani mwake. Ili ziwa libaki na samaki walewale, bila kuongezeka wala kupungua, ni watoto wangapi wa jike huyo wanapaswa kukua mpaka wazae? Wawili tu: mmoja wa kushika nafasi ya mama, mmoja wa kushika nafasi ya baba. Wale wengine 4,998 wanakufa kabla ya kuzaa, na hakuna msiba wowote ziwani. Ndivyo inavyokuwa kila mwaka.

Sasa badilisha kidogo. Badala ya wawili, wapone watatu. Tukianza na samaki 200, kizazi kinachofuata ni 300, halafu 450, halafu 675, na baada ya vizazi kumi wamepita 11,000. Akipona mmoja badala ya wawili, wale 200 wanakuwa 100, halafu 50, halafu 25, na kwenye kizazi cha kumi huna hata samaki mmoja. Kati ya kuenea ziwa zima na kutoweka, tofauti ni mtoto mmoja au wawili katika mayai 5,000. Ndiyo maana nikisikia mtu anajitetea kwa wingi wa mayai, moyo wangu haupoi. Mayai mengi ni dalili kwamba vifo ni vingi. Ukitaka kuona upande wa pili, tazama masokwe wa milima ya Virunga, juu ya Goma: jike anazaa mtoto mmoja kila miaka minne hivi, na anamlinda usiku na mchana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walibaki karibu 250 kwenye milima ile. Walinzi wakashikilia, wengine wakapoteza maisha kwa kazi hiyo, na hesabu ya 2015 na 2016 ikakuta 604. Waliongezeka bila kutaga mayai maelfu, kwa sababu waliozaliwa waliachwa wakue.

Sasa swali la mtoto wako: kwa nini ziwa halijai? Nitakujibu kwa kasiksi, ile pombe ya ndizi, maana naamini umeshaona ikitengenezwa. Ndizi mbivu zinakamuliwa, mutobe, yaani maji yake matamu, unatoka, unatiwa unga wa mtama uliokaangwa, chombo kinafunikwa. Saa za kwanza ni kimya. Kesho yake povu linapanda na ukitega sikio unasikia chombo kinachemka bila moto. Siku ya tatu kinatulia. Kinachochemka mle ni hamira, viumbe hai wadogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Mwanzoni ni wachache na sukari ni nyingi, kwa hiyo kila mmoja anagawanyika kuwa wawili, wawili wanakuwa wanne, kwa muda wa saa chache tu kila mara. Huo ndio wakati wa povu. Kisha sukari inapungua, na pombe waliyoitoa wao wenyewe inaanza kuwalewesha na kuwaua. Hakuna aliyewaamuru waache kuzaana. Wingi wao wenyewe ndio umewafungia njia.

Ukichora idadi ya hamira kwenye karatasi, mstari unaanza chini karibu ulale, unapanda kwa nguvu, halafu unainama na kulala tena juu. Mtu wa kwanza kuuandika mstari huo kwa hesabu alikuwa Mbelgiji, Pierre-François Verhulst, mwaka 1838. Wazo lake ni rahisi na mpaka leo sijaona linalolizidi kwa kuanzia: kasi ya kuongezeka inategemea mambo mawili kwa pamoja, ni wangapi wapo wa kuzaa, na nafasi kiasi gani imebaki. Wakiwa wachache, nafasi ni tele lakini wazazi hawatoshi. Wakijaa, wazazi ni tele lakini nafasi hakuna. Kasi kubwa kabisa iko katikati. Kumbuka neno hilo, katikati, nitalirudia.

Verhulst alitumia hesabu yake kukadiria watu wa nchi yake. Kwanza aliona Ubelgiji haitapita watu milioni 6.6, baadaye akarekebisha hadi milioni 9.4. Leo Wabelgiji wamepita milioni 11. Simtaji kwa kumcheka. Namtaja kwa sababu kosa lake linafundisha: dari ya nyumba ya viumbe, yaani idadi ya mwisho ambayo nafasi inaweza kubeba, inahama. Mbolea, dawa, chakula kutoka mbali, vyote viliinua dari ile. Na dari inaweza kushuka vilevile, bila mtu kutangaza.

Tuje sasa kwenye ziwa letu.

Watu wengi wa Bukavu wanashangaa nikiwaambia kwamba babu zetu hawakumjua sambaza. Samaki huyu ni mgeni. Asili yake ni Ziwa Tanganyika, ni wa jamii ya ndagala. Kivu iko kwenye mita karibu 1,460 juu ya bahari, Tanganyika iko chini kwenye 770 hivi, na mto Ruzizi unateremka kati yao kwa maporomoko ambayo samaki mdogo hawezi kuyapanda. Zamani maji ya Kivu yalitiririka kuelekea kaskazini, volkano za Virunga zikaziba njia, na ziwa likageukia kusini. Matokeo yake Kivu ina aina za samaki zisizofika thelathini, wakati Tanganyika ina mamia. Na wale wachache wa kwetu walikaa zaidi karibu na kando. Maji ya katikati yalikuwa kama shamba lisilo na ng'ombe: planktoni, yaani vile vidudu na mimea midogo inayoelea, ilikuwepo, lakini hakukuwa na samaki wa kuila huko.

Kati ya 1958 na 1960, kabla tu ya uhuru, vifaranga makumi ya maelfu vililetwa kutoka Tanganyika na kumwagwa Kivu. Zilikuwa aina mbili. Moja haikushika. Ya pili, ambayo wataalamu wanaiita Limnothrissa miodon, ndiye sambaza wako. Miaka ya kwanza hakuonekana sana, kama ile siku ya kwanza ya kasiksi. Kufika miaka ya 1970 alikuwa ameenea, na mwishoni mwa miaka hiyo uvuvi wa taa ukaanzishwa kwa msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo. Ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, inayotoka jioni wavuvi wakiimba kwa kupiga makasia, ambayo leo mtu angedhani ipo tangu Nuhu, ni ya umri wangu.

Utakuwa umeviona hivi vyote, lakini niruhusu nivieleze kwa mtoto wako. Wavu mpana unashushwa chini, taa zinawashwa juu yake. Zamani zilikuwa taa za mafuta zenye kuvuma, sasa nyingi ni za betri. Vidudu vya planktoni vinafuata mwanga, sambaza wanafuata vidudu, na baada ya muda wavu unainuliwa pande zote kwa pamoja. Usiku wa mwezi mpevu mvuvi analala nyumbani, kwa sababu taa yake haishindani na mwezi. Kwa hiyo mama, ukilinganisha mwezi huu na mwaka jana, usilinganishe wiki ya giza na wiki ya mbalamwezi. Nimeona watu wazima wakitangaza kwamba ziwa limekufa, kumbe mwezi ulikuwa umejaa.

Je, baada ya kuletwa, sambaza aliendelea kuongezeka bila mwisho? Hapana. Aligonga dari, na dari ya Kivu iko chini kuliko unavyoweza kufikiri ukilitazama kutoka kilima cha Muhumba. Ziwa lina kina cha mita 485, lakini hewa ya kupumua samaki iko kwenye mita 60 hivi za juu, na siku nyingine chini ya hapo. Huko chini kuna maji mazito yenye gesi ya methani na kaboni dioksidi, hakuna samaki anayeishi. Ni nyumba ya ghorofa nane ambayo watu wanaruhusiwa kukaa ghorofa ya juu tu. Na mbolea ya ziwa, ile inayolisha planktoni, sehemu kubwa imefungwa kwenye ghorofa za chini. Inapanda kidogo tu, hasa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, upepo unapokoroga maji na ubaridi unapoyafanya ya juu yazame. Ndipo planktoni inapochipuka na sambaza wanapopata kula vizuri. Mwaka ambao upepo ni hafifu, dari inashuka, hata kama hakuna mvuvi aliyefanya kosa.

Sambaza mwenyewe naye alibadilisha nyumba. Kulikuwa na kidudu cha planktoni kikubwa kiasi, Daphnia, chakula kizuri na rahisi kukamata kwa sababu kinaogelea polepole. Baada ya sambaza kuenea, kikatoweka. Walibaki vidudu wadogo wenye mbio. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa Ubelgiji alipiga kelele kwamba samaki huyu atamaliza chakula chake na kuanguka, na uvuvi utakufa. Hofu yake ilikuwa na msingi. Kuna kisa cha kisiwa cha St. Matthew, karibu na Alaska: mwaka 1944 walipelekwa reindia 29, mnyama wa baridi wa jamii ya kulungu, mahali pasipo na adui. Walikula ukoga mkavu wa juu ya mawe, ambao unakua polepole sana. Mwaka 1963 walikuwa 6,000. Mwaka 1966 walibaki 42. Walipita dari wakiwa na mbio, na walipogeuka nyuma hapakuwa na chakula cha kurudia.

Kwa nini Kivu haikufuata njia hiyo? Nimeishi na swali hili muda mrefu, nami naliona ndilo kiini cha jibu lako. Kwanza, chakula cha sambaza kinajirudisha haraka. Planktoni inazaliana kwa siku na wiki, wakati ukoga wa mawe unahitaji miaka mingi. Pili, sambaza ana breki yake mwenyewe: anakula watoto wa sambaza. Wachanga wanakaa kwenye maji ya kando, kwenye ghuba na mchanga, wakubwa wanakaa katikati. Wakubwa wakizidi na vidudu vikipungua, wanasogea na kumeza wadogo. Kule Tanganyika kazi ya kuwapunguza ndagala inafanywa na mukeke na sangala, samaki wakubwa wanaokula wenzao. Kwetu mukeke hayupo, kwa hiyo sambaza anajipunguza mwenyewe, akisaidiwa na ndege kama mdiria. Linatisha kulisikia, lakini breki hiyo inakamata mapema, kabla chakula hakijaisha kabisa, na inaachia mara idadi inapopungua. Watafiti walipopita tena ziwani miaka ya 2000 na mashine ya kupima samaki kwa sauti, wakakuta kiasi ambacho hakikutofautiana sana na kile cha miaka ya 1980. Anguko lililotabiriwa halikuja.

Breki ya namna hii, inayokaza kadiri viumbe wanavyobanana, ndiyo inayoshikilia idadi. Njaa ni ya namna hiyo, magonjwa pia. Kuna vifo vingine visivyojali wingi. Mazuku ya huko Goma, ile hewa mbaya inayotuama mabondeni, inaua mbuzi mmoja au kumi bila kuuliza. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 iliingia ziwani na kuua ilichokikuta. Vifo hivyo vinaumiza, ila havirekebishi chochote.

Na mvuvi? Hapa ndipo tunapaswa kuwa makini. Mvuvi wa katikati ya ziwa, mwenye wavu wa matundu ya kawaida, kwa kiasi anafanya kazi ya mukeke. Sambaza wakipungua naye anapata kidogo, gharama ya betri na chakula cha wapiga makasia inamshinda, wengine wanafunga mitumbwi, samaki wanapumua. Lakini binadamu ana uwezo ambao mukeke hana: bei ikipanda, anaendelea kuvua hata samaki wakiwa wachache. Mama, bei yako sokoni inaweza kuwa kinyume cha breki.

Nikuoneshe kwa bwawa la mfano, namba ni za kufundishia tu. Bwawa linabeba kilo 1,000 za samaki likijaa. Likiwa na kilo 100, linaongeza kilo 90 kwa mwaka. Likiwa na 900, linaongeza 90 vilevile, kwa sababu nafasi imeisha. Likiwa na 500, katikati, linaongeza 250, na hiyo ndiyo zawadi kubwa kabisa ya bwawa. Mwenye bwawa anajua hesabu, anavua 250 kila mwaka, samaki wanabaki 500. Safi. Halafu unakuja mwaka mbaya na bwawa linashuka hadi 400. Yeye ana deni, ana watoto shuleni, anaendelea na 250 zake. Bwawa la kilo 400 linaongeza 240. Amekula kumi zaidi ya alichopewa. Mwaka wa kwanza linabaki na 390, wa pili 378, wa tatu 363, wa nne 344. Miaka minne, na hajapoteza hata kilo sitini! Nani atamwambia kuna hatari? Wa tano 320, wa sita 288, wa saba 242, wa nane 176, wa tisa 71. Wa kumi, akitupa wavu kutafuta 250 zake, bwawa zima halina kiasi hicho.

Hiyo ndiyo sababu siwaamini wanaosema "tumevua hivi miaka yote na samaki wapo". Katika mfano wetu, mwenye bwawa angeweza kusema hivyohivyo mwaka wa sita.

Sasa wewe unasema mitumbwi inaleta kidogo. Nakuamini, umekaa pale asubuhi miaka kumi na tano. Ila kabla hatujasema samaki wamepungua, tuulize: mitumbwi ni mingapi? Ziwa likitoa kilo zilezile na zikagawanywa kwa mitumbwi mara mbili, kila mmoja utaleta nusu, na hakuna samaki hata mmoja aliyepungua majini. Watu wengi wamekimbia vita milimani wakashuka kando ya ziwa bila shamba. Mtu asiye na shamba anatafuta wavu. Kwa hiyo mzigo mdogo kwa kila mtumbwi unakuambia kwamba mnaogawana mmekuwa wengi. Peke yake haukuambii kama bwawa linashuka. Hilo utalijua kwa kutazama samaki wenyewe, nami nitakueleza jinsi.

Kuhusu kufunga ziwa, nitasema ninavyoona mimi, na wenzangu wengine hawatakubali. Kufunga ziwa lote kwa muda kunasaidia wale watoto waliopo kando wakati huo wakue. Ni jambo la kweli. Lakini ziwa likifunguliwa, mitumbwi yote inaingia usiku mmoja, na faida inaweza kuliwa kwa wiki chache. Wakati huohuo wewe umelala njaa, na jirani yako ambaye hana la kufanya amechukua chandarua cha mbu na kwenda kukokota kando usiku, kwa sababu hakuna anayemwona. Amekamata walewale watoto ambao kufungwa kwa ziwa kulikusudia kuwalinda.

Kwangu mimi chandarua cha kando ndicho adui wa kwanza, kuliko mtumbwi wowote wa taa. Rudi kwenye hesabu yetu ya mwanzo: wawili kati ya 5,000. Sambaza aliyefika katikati ya ziwa ameshapita hatari karibu zote, na wavu wa taa unamkuta, mara nyingi, akiwa ameshazaa au yuko karibu. Chandarua kinamkuta akiwa kama uzi, hajazaa hata mara moja. Na hakikamati mmoja mmoja. Mkokoto mmoja kwenye ghuba ni maelfu, na kwenye beseni hawajazi hata vikombe vichache, kwa sababu kila mmoja hana uzito. Ni kuvuna mahindi yakiwa yamechomoza vidole viwili. Ningepewa mimi kalamu ya kuamua, ghuba za kulelea watoto zingefungwa mwaka mzima, zikilindwa na wavuvi wa kijiji chenyewe wanaojuana kwa majina, na katikati ya ziwa pangebaki wazi ili wewe uendelee kuuza. Njaa ya muuzaji si kitu kidogo cha kutolewa kafara kila mwaka.

Swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niandike kwa urefu huu. Unasema wewe ni muuzaji tu. Mama, hakuna mtu Bukavu anayeshika sambaza wengi kama wewe. Mimi nikitaka vipimo natafuta pesa za boti na mafuta. Wewe vipimo vinakujia kwenye besani kila asubuhi.

Fanya hivi. Mara moja kwa wiki, kabla hujaanza kupima, chota sambaza ishirini bila kuchagua, weka mkono ndani bila kutazama. Wapange kwenye ubao kwa mstari, kichwa kwa mkia, wote ishirini, na upime urefu wa mstari mzima kwa rula ya mtoto wako. Ugawanye kwa ishirini. Kisha pasua matumbo kwa kucha, kama unavyofanya ukitaka kuwakaanga nyumbani, na uhesabu wangapi wana mayai: ile mifuko miwili myembamba inayolala kando ya utumbo, ya rangi ya manjano na yenye punje punje mayai yakiwa yamekomaa. Mtoto aandike kwenye daftari tarehe, urefu, wenye mayai, na kama ulikuwa usiku wa giza au wa mbalamwezi. Dakika kumi, na samaki unawala, hakuna hasara.

Usitazame wiki moja wala mwezi mmoja, maana wakati wa kuzaa unakuja na kuondoka. Linganisha Julai na Julai ya mwaka unaofuata, Desemba na Desemba. Urefu ukibaki palepale na wenye mayai wakiwepo, basi hata kama mzigo wa kila mtumbwi ni mdogo, tatizo lenu zaidi ni kugawana. Urefu ukishuka mwaka hadi mwaka, na wenye mayai wakigeuka wawili, mmoja, hakuna, basi bwawa limeanza kuteremka, na ni mwaka wa pili au wa tatu wa mfano wetu, ambapo bado mtu anaweza kufanya kitu. Mkiwa wauzaji watano wenye daftari kama hilo, mkalipeleka kwa kamati ya wavuvi, mtakuwa na neno ambalo hakuna mkubwa wa kulipuuza kirahisi. Na mimi nitakuja kulisoma pamoja nanyi, mkiniita.

Jambo jingine ni la mkono wako peke yako. Unawajua wale sambaza wanaoletwa asubuhi na mapema kwenye ndoo ndogo, hawatoki kwenye mitumbwi mitatu, wanang'aa kama vipande vya kioo na ukimweka mmoja juu ya kidole chako unaona rangi ya ngozi chini yake. Hao wametoka kando, kwenye chandarua. Anayewaleta huwa na haraka na bei yake ni ya chini. Najua siku ambayo mitumbwi haikuleta kitu, ndoo ile ndiyo chakula cha wanao, na siwezi kukuambia uwaache walale njaa. Lakini siku ambayo unaweza kukataa, kataa, na umwambie kwa sauti kwa nini, wauzaji wenzako wakisikia. Chandarua kinarudi ziwani kesho kwa sababu leo kimepata mnunuzi.